Foto ya mugonjwa, grupu ya promo, na kijana Mutwa aliyetoka

Wanainchi wenzetu wa Kasongo na Kabambare, wazazi, walimu, na ninyi wadogo na wakubwa zetu munaovaa bluzi nyeupe,

Tunaandika leo juu ya jambo ambalo wengi watasema ni dogo. Kijana mumoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika shule moja ya waganga ya huku kwetu, alitoka katika grupu ya WhatsApp ya promo yake. Njo hiyo tu. Alibonyeza, akatoka. Kesho yake wenzake walicheka, kisha wakasahau.

Alitoka juu ya foto. Mwenzake mumoja aliyekuwa kwenye staji alimupiga foto mama aliyekuwa ametoka kuzaa, amelala juu ya kitanda kisicho na shuka, nguo imepanda. Akaituma kwa grupu na maneno ya kuchekesha juu ya Batwa na sabuni. Grupu iko na watu zaidi ya themanini. Wengi walijibu kwa zile sura za kucheka mpaka machozi. Kijana yetu ni Mutwa. Yule mama anatoka kambi ya karibu na ya kwao, na kwa kuhesabu undugu anamuita shangazi.

Aliandika neno moja: « Mutoe hii foto. » Mutu akamujibu: « PA amekasirika. » PA ni ile kifupi ya Kifaransa ambayo serikali na mashirika wanaitumia kwa watu wa asili, wale sisi tunaita Batwa, na wengine Wambote. Katika barua ya ofisi ni neno la heshima. Katika grupu ya promo limekuwa jina la kumuitia mutu ambaye jina lake wote wanalijua.

Basi akatoka. Na sasa musikie kilichofuata. Katika ile grupu njo mutu wa sekretarieti anaweka kila kitu: saa za masomo, tarehe ya kulipa, orodha ya staji. Hakuna karatasi inayobandikwa tena kwenye ukuta, juu karatasi ni feza na WhatsApp ni ya bure, wanasema. Orodha ya staji ilitoka, kijana hakuiona. Alipopata habari, wenzake walikuwa wamekwisha kufanya siku nne. Musimamizi wa staji alimuandikia kukosa siku nne, na alipojaribu kueleza, aliambiwa: nani alikutuma utoke?

Yeye mwenyewe amekubali tuandike, lakini bila jina lake, bila jina la shule, na bila jina la hospitali. Tunafuata hivyo. Na shule hiyo si ya peke yake, tumeuliza watu wa shule nyingine, wakatuambia mambo ya kufanana.

Kwanza tuelewane juu ya simu. Kuna wazee wetu wanaosema dawa ni moja: wakataze simu, mambo yatakwisha. Tunawaheshimu, lakini hawajaona namna mutoto anasoma muganga leo. Silabusi ya mwalimu inauzwa, na asiye na feza ya kuinunua anangojea mwenzake apige foto kurasa moja moja na kuzituma. Buku ya anatomi ambayo shule haina, iko katika simu kwa PDF, imetoka Kinshasa ama Lubumbashi, imepita katika simu mia moja kabla ya kufika Kasongo. Mwanafunzi anayetoka Lusangi ama Saramabila, akitaka kuongea na mama yake, mama anapanda kilima kutafuta rezo. Ukimunyanganya simu umemunyanganya biblioteki, na njia ya nyumbani pia.

Kwa mwanafunzi Mutwa hiyo ni mara mbili. Mara nyingi yeye njo wa kwanza katika kambi yao kufika pale. Hana kaka aliyepita ITM akamuachia madaftari. Hana mujomba infirmie wa kumuuliza kipimo cha kinini usiku wa mutihani. Mwenzake wa muji anauliza nyumbani, yeye anauliza simu. Na simu yenyewe mara nyingine ni ya watu wawili, betri imechoka, inashajishwa kwa mutu wa pano ambaye anataka kulipwa kwanza. Anaposema « sikuona ujumbe », mara nyingi ni kweli hakuuona, hata kama hajatoka katika grupu.

Tuliongea pia na wengine, wasichana wawili na kijana mwingine, wote Batwa, wote katika masomo ya uganga. Kitu kimoja kilitushangaza. Watatu wote wanatumia Facebook kwa jina ambalo si la nyumbani. Foto ya mbele ni ile ya bluzi nyeupe, na stetoskopu ya kuazima shingoni kama wanafunzi wote wa dunia hii. Lakini hakuna foto ya mama, hakuna foto ya nyumba, hakuna foto ya sikukuu kambini. Mumoja alitueleza kwamba dada yake alimuweka katika foto ya familia, na yeye akakimbia kujitoa kabla wenzake hawajaona. Usiku ule hakulala vizuri, alituambia, kwa sababu alikuwa amemukataa dada yake mbele ya watu ambao hawakuwa hata wanaangalia.

Ni kazi ngumu hiyo, kuishi na kambi katika mufuko mumoja na promo katika mufuko mwingine. Na kuna upande wa pili ambao watu hawauoni. Wale wale wanaojificha, mashirika yanawatafuta. Mugeni anafika na gari na kamera: « Tunataka foto ya mwanafunzi Mutwa wa kike. » Anapigwa foto na daftari mukononi, inaenda kwa ukurasa wa shirika, jina na kijiji chini yake. Haulizwi, ama anaulizwa wakati prefe amekwisha kusimama pembeni na kutabasamu, na nani atasema hapana hapo? Kesho yake ile foto iko katika grupu ya promo. Asubuhi alikuwa ushuhuda wa maendeleo, mangaribi amekuwa kichekesho. Foto ni ile ile.

Tuseme wazi. Kuchekelea mutu juu ya kabila yake si mambo ya utoto. Inchi hii iko na sheria dhidi ya ubaguzi na ukabila tangu tarehe 7 mwezi wa sita 1966. Iko na sheria namba 22/030 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022, iliyotungwa kwa kulinda na kuendeleza haki za hawa watu wa asili. Batwa na watu waliowasimamia waliingojea miaka mingi. Lakini uliza katika shule zetu nani ameisoma. Uliza hata walimu.

Na Kasongo isijifanye kushangaa. Muji huu ni wa zamani. Wakati wa Tippu Tip, katika karne ya 19, watu hapa waligawanywa: huyu mwungwana, yule mushenzi. Lugha yenyewe tunayoandika, wengine waliiita Kingwana kwa sababu ya wale waungwana. Mwenye kanzu alihesabiwa mutu. Siku nyingine, tukiwaona wanafunzi wa uganga wanavyopita sokoni mbele ya mama Mutwa anayeuza kuni zake, tunaogopa kwamba bluzi nyeupe imechukua kazi ya ile kanzu.

Turudi kwa foto, maana foto njo kiini. Hata kama yule mama angekuwa binti wa gavana, foto ile ilikuwa kosa. Kodi penale ya Congo, kitabu cha pili, kifungu cha 73, inasema kwamba kila mutu ambaye kazi yake inamupa siri za watu, akizitoa anaweza kufungwa mwezi moja mpaka sita. Haisemi « isipokuwa akizitoa kwa WhatsApp ». Haisemi « isipokuwa mugonjwa ni masikini ». Sheria ya tarehe 14 mwezi wa saba 2008 juu ya watu wanaoishi na virusi vya SIDA inalinda pia siri ya mugonjwa. Haya yanafundishwa, tunajua, katika somo la maadili ya kazi. Yanaandikwa kwenye daftari, yanaulizwa kwa mutihani, na saa ile ile simu iko mufukoni na kamera iko tayari.

Na angalieni nani anapigwa foto. Hatujasikia mwanafunzi aliyemupiga foto bibi ya mufanyabiashara. Anayepigwa foto ni yule asiye na mutu wa kumutetea kwenye mulango: mama kutoka kambi, mukimbizi wa vita kutoka upande wa Saramabila, kichaa wa soko. Mutwa anaingia hospitali tayari na woga wa bei na woga wa kutukanwa. Sasa tumemuongezea woga wa tatu. Foto ya yule shangazi ilifika karibu na kambi yao kabla yeye mwenyewe hajaruhusiwa kutoka hospitali, juu kijana mumoja wa pale iko na simu na iko na rafiki katika promo. Mume wake aliiona. Fikirini sasa mama yule akipata mimba nyingine, atasema nini. Fikirini wanawake wengine wa kambi, ambao hawakupigwa foto lakini waliiona.

Haya tunayasema katika Kasongo, na si mahali popote. Katika miaka ya 1970, wakati inchi iliitwa Zaïre, hapa Kasongo njo walifanya kazi ambayo madaktari wa dunia nzima waliisoma: hospitali ya hapa pamoja na taasisi ya magonjwa ya inchi za joto ya Antwerp, Ubelgiji. Wazo lilikuwa rahisi. Sentre ya afya iwe karibu na watu, infirmie wake awajue watu na watu wamujue, na hospitali ipokee wale ambao sentre imeshindwa. Mwaka 1981 gazeti The Lancet la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 mpaka 35. Zoni za afya zilipopangwa katika inchi yote, mufano wa Kasongo ulikuwa mumoja wa ile iliyotazamwa. Watu wajue na wamujue. Hakuna mashine katika wazo lile. Yote inategemea mama akubali kurudi kwa infirmie yule yule.

Musidhani tunazidisha. Mwaka 2017 polio ya virusi vilivyotokana na chanjo ilionekana huku Maniema, na dawa yake ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba kuomba wazazi wafungue mulango. Na kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2 200. Dawa ilikuwepo, chanjo ilikuwepo, lakini maneno ya simu yalikuwa yanatembea mbele ya waganga, na watu walikuwa na sababu zao za kutowaamini. Waganga walishambuliwa. Dokta Richard Mouzoko aliuawa Butembo tarehe 19 mwezi wa ine 2019, ndani ya hospitali. Hatusemi foto ya Kasongo inafanana na risasi ya Butembo. Tunasema imani ya watu inajengwa na kubomolewa kwa vitu vidogo, na sasa vitu vidogo vinapita katika simu.

Hapa tunapaswa kusema na kosa letu. Mwaka uliopita, tulipokuwa tunalalamika juu ya hali ya hospitali moja, tuliweka kwenye ukurasa huu foto ya wagonjwa wamelala chini. Nyuso zilionekana. Hatukuuliza mutu. Tulijiambia ni kwa faida yao, serikali ione aibu. Serikali haikuona aibu, na mama mumoja wa kwenye foto alitumia mutoto wake aje kutuuliza kwa nini muji mzima umemuona na kanga moja. Tumeitoa. Tumemuomba samahani, naye alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Tangu siku ile tunapiga foto ya paa linalovuja, ya kitanda kilichovunjika, ya stoki ya dawa tupu. Uso wa mugonjwa hapana, isipokuwa yeye mwenyewe amesema ndiyo wakati hana maumivu na hana mutu anayemusimamia. Tunaandika hili ili mutu asije kutuambia tunawahubiria wanafunzi peke yao.

Hatutaki yule aliyetuma foto afungwe. Sisi tunaijua gereza, hakuna mutu anayetoka mule akiwa infirmie mwema zaidi. Na ile kodi ya numeriki ya 2023, tumeona namna inatumiwa kwa waandishi wa habari, hatutaiita nyumbani kwetu kwa ajili ya kijana wa miaka 19. Lakini shule ifanye kazi yake. Aliyetuma aitwe pamoja na muzazi wake, aelezwe, na aende yeye mwenyewe kwa yule mama, bila simu. Waliocheka, wote, warudie lile somo la maadili, na safari hii Mutwa mumoja aalikwe kuongea, mutu muzima wa kambi. Musimuchukue mwanafunzi kama shahidi wa kabila yake.

Kuna walimu waliotuuliza: basi munataka tuwe polisi wa grupu za watoto? Hapana. Grupu ambayo wanafunzi waliiunda wenyewe kwa kutumiana muziki na mambo ya mapenzi, hiyo si yenu, na si yetu. Lakini grupu ambayo sekretarieti inaweka orodha ya staji ndani yake ni ofisi ya shule. Mutu hatukaniwi ndani ya ofisi ya shule. Na kama ni ofisi, lazima iwe na mulango mwingine kwa asiye na mega, asiye na simu, ama aliyelazimishwa kutoka: karatasi kwenye ukuta, kama zamani. Karatasi moja. Kama feza ya karatasi imekosekana, tuko tayari kuleta rame moja kila mwezi, na tunalisema kwa uzito.

Wakuu wa hospitali na wa sentre nao wasikilize. Mwanafunzi anajifunza kwa macho. Tumeona sisi wenyewe infirmie mukubwa, mutu wa miaka ishirini ya kazi, anapiga foto kidonda na kukiweka statu yake apate kusifiwa. Akiulizwa anasema ni kwa kufundisha. Kama ni kwa kufundisha, uso ufichwe, jina lisiandikwe, mugonjwa aulizwe kwa lugha anayosikia, na foto iende kwa daktari anayehitaji kuiona, si kwa statu ambapo na muuza-unite anaiona. Simu inaweza kuokoa mutu pale ambapo daktari iko mbali siku nzima ya pikipiki. Tunajua titulere wa sentre moja upande wa Kabambare anayeuliza ushauri hivyo, kwa maneno na bila jina, na wagonjwa wake wanafaidika.

Na ninyi Batwa muliomo katika masomo haya, tuna neno moja tu, maana ushauri munapewa kila siku na watu wasiojua. Msichana mumoja wa wale watatu anatengeneza odio fupi katika lugha ya nyumbani: namna ya kujua mimba imefikia hatari, saa gani mama asingojee tena. Anazituma kwa mupwa wake mwenye simu, naye anazipigia wamama mangaribi, wamekaa kwa moto. Hajawahi kuziweka Facebook. Tulimuuliza kwa nini. Akasema huko hakuna anayezihitaji. Tulikuwa na hamu ya kuzieneza kwa ukurasa wetu, kwa sababu ni nzuri kweli, na tulimuomba. Amekataa. Amesema labda baada ya diplome. Sawa.

Jumatatu inayokuja tunapeleka barua mbili. Moja inaenda kwa wakuu wa shule za waganga za Kasongo na Kabambare, juu ya karatasi kwenye ukuta na juu ya heshima katika grupu ambazo shule inazitumia. Nyingine inaenda kwa madaktari wakuu wa zoni sita za territoire hizi mbili, Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila, juu ya foto za wagonjwa. Kopi kwa wasimamizi wa territoire. Tutaandika hapa majibu yote tutakayopata, na tarehe tuliyoyapata. Ambaye hatajibu, tutaandika pia kwamba hajajibu.

Kwa yule kijana, tunaomba kitu kimoja ambacho hakihitaji barua wala mukutano: zile siku nne za staji azirudishiwe azifanye kabla ya mitihani, na ile alama ya kukosa ifutwe kwenye kaye yake. Mpaka leo asubuhi haijafutwa.